Chuo chenye hakiuzi masomo: kule Kentucky, kila mwanafunzi anatumika na hakuna mwenye analipa minervali

Marekani, katika jimbo la Kentucky, kuko chuo kikuu kidogo chenye mutoto wa tajiri anaweza kupiga mulango na wasimufungulie. Haiko kwa sababu hana akili. Ni kwa sababu baba yake iko na feza ya kumulipia masomo fasi ingine. Chuo hicho kinaitwa Berea College. Kinatafuta vijana wenye akili, wenye wazazi wao hawana uwezo, na wakishaingia, hakuna mwenye anaombwa hata senti moja ya minervali. Iko vile tangu mwaka wa 1892. Lakini kuko sharti moja: kila mwanafunzi, mwanaume ao mwanamuke, anapashwa kutumika.

Sisi wa sendika tunajua maneno yenye yanasemwa mu nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wakati masomo ya iniversite yanakaribia kuanza: "Huyu atasoma, huyu atangoya kwanza." Baba anahesabia mushahara, mama anahesabia yenye alipata ku soko, na hesabu haifike. Njo maana leo tunawaletea habari ya chuo hiki. Haiko kusudi wote tupande ndege. Ni kusudi tuone kama mambo yenye wanatuambia kila siku kuwa haiwezekani, kuko fasi watu waliyafanya, tena watu wa mashimo sawa siye. Na tuangalie waliyafanya namna gani.

Siku ya mwanafunzi

Berea ni muji mudogo chini ya milima ya Appalachia. Milima hiyo ilitoa makala ya mawe ya Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa hiyo wanafunzi wengi wa Berea wanatoka mu vijiji na miji midogo ya ile milima, fasi yenye babu walishuka mu shimo na kutoka na mapafu yenye kujaa vumbi.

Chuo chenyewe hakijai watu: wanafunzi wapata 1.500 hivi. Mu iniversite zetu, auditware moja inaweza kujaa watu mamia na mamia, na mwenye amechelewa anaandika akisimama ku mulango. Kule Berea, mara nyingi kilasi moja haipiti watu makumi mbili. Mwalimu anajua jina la kila mumoja. Anaona nani hakuja. Anakuuliza maoni yako mbele ya wenzako, na kesho yake anakuuliza tena. Hakuna kujificha nyuma ya silabusi yenye ulinunua na kuishika kwa kichwa.

Wanafunzi wanalala palepale ku chuo, wanakula pamoja. Kisha ya kilasi kuko korale, ngoma za milima, mupira, vikundi vya sala, vikundi vya kusaidia watu wa muji. Wenye wako na watoto hawafukuzwi: kuko nyumba zenye zilijengwa juu ya wanafunzi wenye jamaa, na kuko fasi ya kuchunga watoto wadogo wakati mama iko mu kilasi. Tunajua mabinti wengi kwetu wenye masomo yao yalikufa siku walipata mimba. Kule mutoto hakati masomo ya mama yake. Mara moja kwa mwaka, mu mwezi wa kumi, chuo kinafunga kilasi zote, na watu wanapanda mulima juu ya kutembea na kufurahi pamoja.

Kazi yenye inaandikwa

Sheria ya kazi ni hii: angalau saa 10 kwa kila juma, kwa kila mwanafunzi, bila kuachilia hata mumoja. Mwaka wa kwanza, chuo njo kinakupanga. Kisha, unaweza kutafuta fasi yenye unapenda na kupanda kidogo-kidogo, mupaka kusimamia wengine.

Kazi ni za namna nyingi. Kuko wenye kulima shamba la chuo na kuchunga nyama. Kuko wenye kufuma vitambaa, wenye kutengeneza mifagio kwa mikono, wenye kuchonga viti na meza. Vitu hivyo vinauzwa. Kuko wenye kutumika mu hoteli ya chuo, Boone Tavern, yenye ilifunguliwa mwaka wa 1909. Wengine wako mu bibliyoteke, mu laboratware, ku ordinatere, mu jikoni, ku biro ya mapokezi. Wengine wanasaidia walimu. Na kuko wenye kusafisha, kwa sababu fasi yenye watu 1.500 wanaikala, kuko mutu mwenye anapashwa kushika mufagio. Kule, mwenye kushika mufagio leo, kesho iko mu kilasi ya filozofia na wenzake wote, na hakuna mwenye kumuchekelea, sababu kila mumoja alipitia vile.

Wanalipwa mushahara, haiko mukubwa, lakini unasaidia juu ya vitabu na mahitaji ya kila siku. Kuko musimamizi wa kazi, na huyo anamupima mwanafunzi: anafika saa gani, anatumika namna gani, anaongea na wengine namna gani. Siku ya kumaliza, mwanafunzi anatoka na makaratasi mbili: moja inaonyesha alifanya nini mu masomo, ingine inaonyesha alifanya nini mu kazi. Patro mwenye anamupokea hawezi kumuambia: "Hauna uzoefu." Kijana wetu mwenye alimaliza miaka mitano ku iniversite anajua neno hilo linaumiza namna gani.

Hapa tunapashwa kusema wazi, kusudi mutu asikuje kutumia maneno yetu vibaya. Kazi ya Berea haiko sawa na mutoto wa miaka kumi na mbili mwenye anabeba mufuko wa kobalti ku karyeri. Wale ni watu wazima. Saa zao zimehesabiwa. Kazi iko na musimamizi, iko na mushahara, na haiwezi kumeza masomo. Sheria ya inchi yetu inakataza kutumikisha watoto mu mashimo, na siye tunasimama hapo. Kama kesho mukubwa fulani anasema "hata Marekani wanafunzi wanatumika" juu ya kutetea watoto ku karyeri, mumujibu paka vile.

Juu ya nini kusoma mambo mengi?

Kuko jambo lingine lenye litashangaza wazazi wengi. Kwetu, mutoto akipata diplome d'État, anaingia mara moja mu fakilite moja: sheria, udaktari, politeknike, ekonomi. Tangu siku ya kwanza anasoma njia moja tu. Berea ni chuo cha namna ingine. Marekani kuko vyuo vidogo vingi vya namna hiyo, na wazo lao ni hili: mbele ya kuwa muuguzi ao mwalimu ao mutu wa ordinatere, mwanafunzi anapashwa kwanza kujifunza kufikiri. Kwa hiyo wote wanafundishwa kuandika vizuri na kutetea wazo lao. Wote wanagusa hesabu na sayansi, historia, dini, na sanaa. Mwenye anasoma kilimo anasoma pia historia. Mwenye anataka kuwa muuguzi anasoma pia vitabu vya waandishi. Kisha njo anachagua somo lake kubwa lenye litakuwa ku diploma.

Tunasikia tayari muzazi mumoja anasema: "Hiyo ni kupoteza wakati. Mutoto wangu anatafuta kazi, hatafute hadisi." Tunamuelewa. Lakini tumuulize: wakati kampuni inaleta kontra ya kurasa makumi tatu, nani anaisoma? Wakati enjeniya anasema shimo haina hatari, nani anaweza kuuliza hesabu yake? Wakati delege anasimama mbele ya wakubwa, anakosa nini? Mara nyingi hakosi nguvu. Anakosa maneno, anakosa sheria, anakosa kujua mambo yalipita namna gani mbele yake. Mutoto mwenye alifundishwa kuuliza na kuandika, hawamudanganye kwa urahisi.

Tena, kule Berea wanafundisha historia ya Appalachia yenyewe: makala ya mawe, nyimbo za milima, migomo. Mutoto wa muchimbaji anasoma habari ya babu yake sawa vile wengine wanasoma habari ya wafalme. Ku Harlan, mu ile milima ya Kentucky, wachimbaji wa Brookside waligoma mwaka wa 1973 juu ya kupata kontra ya sendika yao, United Mine Workers of America. Mugomo ulipita mwaka muzima. Wakati tribinali ilikataza wanaume kusimama wengi ku mulango wa shimo, bibi zao njo walikuja kusimama. Kijana mumoja muchimbaji aliuawa. Mu 1974 kontra ikatiwa sinyatire. Mambo hayo yako mu vitabu. Yetu sisi, ya Kamoto yenye ilianguka mwaka wa 1990, ya wenzetu maelfu kumi wenye walitolewa mu Gécamines mwaka wa 2003 kwa jina la "kuondoka kwa kupenda", watoto wetu wanayasomea wapi?

Muchimbaji mwenye akawa profesere

Kati ya wanafunzi wote wa Berea, kuko mumoja mwenye tunapenda mumujue: Carter G. Woodson. Alizaliwa mwaka wa 1875 ku Virginia. Wazazi wake walikuwa watumwa mbele ya uhuru. Wakati alikuwa kijana hakuwa na feza ya masomo, akaenda kutumika mu mashimo ya makala ya mawe ku West Virginia. Kule kulikuwa muchimbaji mumoja mwenye hakujua kusoma, lakini nyumba yake njo ilikuwa fasi ya wachimbaji weusi kukutana kisha ya kazi. Aliomba kijana Woodson awasomee magazeti kwa sauti. Woodson alisoma, wazee walisikiliza na kubishana juu ya siasa na mushahara na vita yenye walipigana. Yeye mwenyewe aliandika nyuma kama ni pale, kati ya wachimbaji, njo hamu yake ya kujua historia ya watu wake iliongezeka.

Alianza masomo ya sekondari akiwa na miaka 20. Kisha akaingia Berea, akatoka juu ya kufundisha ku Winona, mu masomo yenye wachimbaji weusi walianzisha juu ya watoto wao, na akarudia tena. Alipata diploma ya Berea mwaka wa 1903. Mu 1912 akapata udaktari wa historia ku Harvard. Mu 1926 alianzisha juma moja la kukumbuka historia ya watu weusi, na leo Marekani inashika mwezi muzima wa pili juu ya jambo hilo. Mutu huyo alipitia shimo mbele ya kupitia Harvard. Na wenye walimusukuma wa kwanza walikuwa wachimbaji wenye hawakujua hata herufi moja. Wewe mwenye unamusomea mwenzako gazeti hili, ujue kazi yenye unafanya.

Sheria yenye iliwapasua

Tusifikiri kama chuo hicho kilizaliwa mu amani. Kilianzishwa mwaka wa 1855 na John G. Fee, mutumishi wa Mungu mwenye baba yake alikuwa na watumwa. Fee alisema watu wote ni damu moja mbele ya Mungu, kwa hiyo wasome pamoja. Mu mwezi wa 12 mwaka wa 1859, watu wapata sitini wenye silaha walikuja kuwapa siku kumi kusudi waondoke Kentucky. Waliondoka. Kisha ya vita walirudia, na mwaka wa 1866 walikuwa na wanafunzi 187: weusi 96, wazungu 91, wanaume kwa wanawake. Mu inchi yenye ilitoka kuuza watu, hiyo ilikuwa kitu cha kushangaza.

Mu 1904, mwaka mumoja tu kisha Woodson kumaliza, bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kukataza weusi na wazungu kusoma pamoja. Berea ilienda ku tribinali mupaka ile kubwa kupita zote, na mu 1908 ikashindwa. Wanafunzi weusi walifukuzwa mu chuo chenye kilianzishwa juu yao. Chuo kilitafuta feza ya kuwajengea masomo mengine, Lincoln Institute, yenye ilifunguliwa mwaka wa 1912, lakini haikukuwa kitu kimoja. Ilipita miaka makumi ine na sita. Mu 1950 sheria ilibadilishwa, na mwaka uleule Berea ikafungulia weusi tena.

Tunaandika hayo kwa sababu masomo ya watoto ya wamasikini hayalindwi na moyo muzuri peke yake. Sheria mbaya moja inaweza kuvunja kazi ya miaka makumi ine.

Feza inatoka wapi?

Hii njo ulizo kubwa, na jibu lake njo linatugusa siye. Saa 10 za kazi kwa juma haziwezi kulipa walimu wote na majengo. Berea inaishi juu ya mufuko. Mwaka wa 1920, wakubwa wa chuo walikata neno: mutu akikufa na kuwaachia feza bila kusema ni ya kufanya nini, feza hiyo hawataikula. Wataiweka mu mufuko, na watatumia sehemu ya faida tu. Walishika neno lao. Leo mufuko huo unapita miliari moja ya dola, na sehemu kubwa ya gharama ya masomo inatoka mule, pamoja na musaada wa watu wa mapenzi mema. Nyumba na chakula vinabakia vya kulipa, lakini mwenye hana anasaidiwa kulingana na hali ya jamaa yake. Wengine wanatoka na deni kidogo. Haiko paradiso.

Muangalie sasa. Ku Kentucky, mashimo mengi ya makala ya mawe yamefungwa, na miji midogo mingi imebakia na wazee tu. Mwenye makampuni alibeba faida akaenda. Lakini chuo kingali kinasimama, kwa sababu mu 1920 kulikuwa watu wenye walikataa kukula mbegu.

Na mukuba wetu? Na kobalti? Siku moja vitaisha, ao bei itaanguka sawa vile ilianguka mbele. Sheria ya mashimo ya mwaka wa 2018 inasema kama ku redevansi ya mashimo, 25% ni ya jimbo, 15% ni ya komine, sekteri na sheferi, na 10% inaenda mu mufuko wa vizazi vyenye vinakuja, wenye wanaita FOMIN. Sheria ileile inasema kila kampuni yenye inachimba inapashwa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya watu wenye wanaikala pembeni. Tena kuko mukanda wa mapatano wenye tunaita cahier des charges, wenye kampuni inatia sinyatire pamoja na wenyeji. Feza iko ku karatasi. Wengi wetu hatujaiona mu kilasi za watoto.

Mbele ya kumaliza, angalisho moja kwa wazazi. Berea inapokea wanafunzi wachache tu wa inchi za kigeni kila mwaka, wanapashwa kujua Kiingereza, na wenye wanaomba ni wengi sana. Mutoto mwenye iko na pointi nzuri anaweza kujaribu. Lakini kujiandikisha ku chuo hicho hakulipishwi. Mutu akikuja ku kartie akisema mumupe dola mia mbili kusudi amuingize mutoto wenu, huyo ni mwizi, mumufukuze.

Kwa wengine wote, kazi iko hapahapa. Siku delege wenu atawaita ku mukutano, ao kamati ya wenyeji itakaa juu ya cahier des charges, wengi wataomba forasi ya maji, barabara, kilasi yenye kupakwa rangi. Muombe, ni haki. Lakini mama mumoja ao baba mumoja asimame na aulize maulizo haya tatu: Ni sehemu gani ya ile 0,3% inawekwa juu ya kulipia watoto wetu masomo ya juu? Nani anachagua hao watoto, na wazazi wanaona liste? Na ni sehemu gani haitakuliwa, itabakia mu mufuko mupaka siku shimo litafungwa? Muandike majibu yenye watawapa, na tarehe, na majina ya wenye walijibu.